Stima ikikatika, nguru hasubiri

Jamani, stima Lamu imekatika tena, na safari hii mashua zimetoka kushusha. Mvuvi kakesha baharini, karudi na nguru na changu wa kutosha, friza zimezima, barafu inayeyuka. Tajiri wa samaki hana haraka. Anakaa barazani, anangoja jua lipande, kisha bei anaitaja yeye. Halafu mtu wa ofisini anatwambia watu wa pwani hawana desturi ya kuweka akiba. Akiba ya nini, maji ya barafu?

Kinachoniudhi zaidi ni lile jibu la hao wa ofisini tukiuliza habari ya stima: huku wateja ni wachache, kuwekeza hakulipi. Wateja watoke wapi? Kiwanda hakiji kwa kuwa stima si ya kutegemewa, stima haitengenezwi kwa kuwa hakuna kiwanda. Tunazunguka palepale kama ngamia wa kinu cha ufuta.

Kule bara, Kililana, bandari mpya ina magati matatu. Mradi ulizinduliwa 2012, gati la kwanza likafunguliwa 2021. Reli iliyoahidiwa bado tunaiona kwenye ramani. Haya, meli kubwa na zije. Ila mfuko wa saruji wa kujengea chumba cha barafu bado unashuka Mokowe huko bara, unapanda boti kuja kisiwani, unamalizia mgongoni mwa punda, na kila anayeugusa anataka chake.

Mwenye jenereta ya kukodisha aseme bei sasa hivi. Changu wameanza kulegea macho.