Wahunzi ndani ya basilika: je, Silchester ilikuwa inakufa?

Basilika ya Calleva Atrebatum, mji wa Kirumi ambao leo ni mashamba ya Silchester kusini mwa Uingereza, ilijengwa kwa mawe karne ya 2 ili madiwani wakutane na kesi zisikilizwe. Kufikia katikati ya karne ya 3, wenye ukumbi walikuwa wahunzi. Michael Fulford wa Chuo Kikuu cha Reading na wenzake, waliochimba hapo hadi 1986, walikuta majiko ya kufulia chuma na mavi ya chuma mle mle ndani.

Wanaoona hapo kifo cha mji wana hoja nzito. Matajiri wa miji ya Kirumi walijenga kumbi kwa fedha zao ili watukuzwe. Udiwani ulipogeuka mzigo wa kudaiwa kodi, wengi waliukwepa, na jengo lisilo na mfadhili likabaki kwa yeyote mwenye kazi nalo.

Mimi naona wanakwenda mbali mno. Ufuaji huo uliendelea hadi karibu na mwaka 400, na gofu linalovuja halikai na wahunzi miaka 150. Mhunzi husoma joto la chuma kwa rangi yake, hivyo hupenda kivuli. Ukumbi mkubwa wenye paa zima ulimfaa kuliko uwanja. Tena ni katika karne hiyo hiyo ya 3 ambapo mji ulizungushiwa ukuta wa mawe wa kilomita 2 na ushei. Mawe hayo yalisombwa kwa amri ya nani, kama mamlaka yalikuwa yamekufa?

Dhana kwamba ilikuwa karakana ya serikali ya kutengeneza silaha inanishawishi kidogo tu. Notitia Dignitatum, orodha ya vyeo na ofisi za dola iliyoandikwa karibu na mwaka 400, inataja karakana za silaha katika majimbo mengi, ila Britania haimo, ingawa kiwanda chake cha kufuma nguo kimetajwa.

Ugumu ni kwamba mavi ya chuma na magamba madogo yanayoruka chini ya nyundo huonyesha mahali chuma kilipofuliwa, si kilichotengenezwa. Misumari na mikuki huacha taka zile zile, na bidhaa yenyewe ilikwenda na mnunuzi.