Kioo Kimoja Kikipasuka Ghorofa ya Tisa

Kuna lalamiko ninalolisikia kila ninapokaa na vijana waliomaliza usanifu majengo wakaingia ofisini: "Revit inatubana," yaani programu ya kompyuta inayotumika maofisini kuchorea majengo. Chuoni walizoea Rhino, programu ya kuchora maumbo huru, na Grasshopper, nyongeza yake inayochora kwa kanuni; uso wa jengo wanauvuta na kuukunja kama unga wa chapati. Ofisini wanaambiwa uso huohuo waujenge kwa ukuta wa vioo wenye gridi ya mistari, paneli (vipande vya kioo) na fremu. Uso unagoma. Paneli za pembeni zinakatika vibaya, fremu zinapishana, na mwisho mkuu wa ofisi anasema, "Punguza mikunjo." Kijana anatoka pale akiamini kwamba programu na huyo mkuu ndio walioliua jengo lake.

Lalamiko hilo lina haki yake. Pale British Museum jijini London, ua mkubwa wa katikati ulifunikwa kwa paa la vioo lililofunguliwa Desemba 2000. Ua ni wa mstatili, ndani yake kuna ukumbi wa duara wa kusomea, na ukumbi wenyewe haukukaa katikati kamili. Kuuziba mwanya kati ya mstatili na duara kulihitaji vioo 3,312 vya pembetatu visivyofanana. Umbo lilitafutwa kwa hesabu, na kompyuta ikatoa vipimo vya kila kipande. Hakuna mkono wa mchoraji ungeifanya kazi ile kwa rula. Anayesema kila kioo lazima kifanane na jirani yake ana deni la kulieleza paa lile.

Wana hoja ya pili, ya mashine. Msumeno unaoongozwa na kompyuta haujali kama unakata vipande mia nne vya aina moja au vya aina mia nne. Grasshopper, au mwenzake Dynamo aliye ndani ya Revit, inaweza kukipa kila kipande namba, urefu na pembe zake bila mtu kugusa kitu. Kwa nini basi tuchore kama bado tunakata kwa mkono?

Mfano wanaoupenda zaidi ni Guggenheim, jumba la makumbusho la Bilbao, Hispania, lililofunguliwa 1997, ambalo ofisi ya msanifu Frank Gehry ililichora kwa CATIA, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana nao. Jengo lile limevikwa bati la titani, aina ya metali, lenye unene usiofika nusu milimita. Bati jembamba namna hiyo lina huruma: ukilibonyeza linakubali, uso ukijikunja kidogo nalo linaufuata. Kioo hakina huruma hiyo. Kwa kawaida kioo ama ni bapa, ama kimepindwa kiwandani juu ya kalibu yake. Kijana anaiangalia Bilbao kwenye skrini, anachora mkunjo uleule, halafu anaujaza vioo. Hapo ameazima umbo la bati na kulivalisha kitu kisichopinda kwa urahisi.

Aliyewahi kupika kwenye mafiga anajua sababu bila kufundishwa. Sufuria juu ya mafiga matatu haiyumbi, hata figa moja likiwa fupi. Weka la nne, sufuria itacheza mpaka moja lilingane na mengine. Nukta tatu daima hulala kwenye bapa moja. Ya nne ina hiari yake. Ndiyo maana uso uliopinda pande mbili ukiugawa kwa pembetatu, kila kioo kinakuwa bapa. Ukiugawa kwa vipande vya pembe nne, vingi vinajisokota. Skrini haikuonyi. Inakuchorea paneli nzuri inayong'aa, na ni fundi wa alumini atakayegundua kwamba kona moja imesimama sentimita mbili nje ya fremu. Pembetatu nazo si za bure: kwenye kila kifundo hukutana fremu sita badala ya nne, na masalia ya kioo kwenye karakana huongezeka.

Kwa hiyo mkuu anaposema "punguza mikunjo," mara nyingi hasemi "punguza ndoto." Anauliza swali ambalo walio bora katika kazi hii walilikubali mapema: umbo hili linajengeka kwa vipande rahisi? Jengo la 30 St Mary Axe la London, ambalo wenyeji huliita Gherkin, yaani tango la achari, lina urefu wa mita 180 na limevimba kiunoni kama mtungi. Mtu akilitazama kutoka mtaani ataapa kwamba vioo vyake vimepinda. Vyote ni bapa, isipokuwa kimoja: kifuniko cha mviringo kilicho kileleni. Mpindo wote unaouona umetokana na vioo bapa kubadili pembe kidogo kidogo, ghorofa hadi ghorofa.

Msanifu Jørn Utzon naye alishinda shindano la kuchora Sydney Opera House, jumba la muziki la Sydney, Australia, mwaka 1957 kwa michoro ya matanga yasiyo na kanuni. Miaka ikapita wahandisi wakihangaika na umbo ambalo halikuwa na fomula. Mwaka 1961 likaja jibu ambalo nalihesabu miongoni mwa fikra safi kabisa katika ujenzi wa karne iliyopita: matanga yote yakatwe kutoka kwenye tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75. Mpindo ukawa mmoja kila mahali, kwa hiyo mbavu za zege zikaweza kutoka kwenye kalibu zilezile, na vigae zaidi ya milioni moja vikapata mahali pa kukaa. Hakuna anayelitazama jengo lile leo akasema Utzon alibanwa.

Huku kwetu kanuni hiyo tunaijua kwa mikono. Zile kuta za matofali ya matundu za miaka ya 1960, Dar es Salaam na Mombasa, zilitoka kwenye kalibu moja au mbili. Tofali moja, mara elfu kadhaa, na ukuta mzima unapumua, unakata jua na kutupa kivuli kinachobadilika kutwa nzima. Likivunjika moja, fundi wa mtaani analimwaga jingine kwa mchana mmoja.

Hili la kuvunjika ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu halizungumzwi kamwe wakati wa kuchora. Niliwahi kuwa kwenye timu iliyochora jengo la ofisi la ghorofa kumi ambalo uso wake wa mbele ulijisokota kutoka chini hadi juu. Tulijivunia kwamba karibu kila kioo kilikuwa cha aina yake. Mwaka wa pili baada ya kukabidhi, kioo kimoja cha ghorofa ya tisa kilipasuka usiku. Kilikuwa kioo cha tempa, kile kinachopashwa moto mkali kisha kupozwa ghafla, kwa hiyo kilishuka chote kama chumvi ya mawe, na mlinzi alikizoa kwa koleo asubuhi.

Fundi akapanda na futi. Akapima pande, akaandika nyuma ya risiti. Vipimo vyake havikulingana na vya kwenye modeli, yaani jengo lilivyochorwa kwenye kompyuta, maana fremu ilikuwa imetulia tofauti na tulivyochora, na gundi ya silikoni imeshiba pembeni. Kioo kikaagizwa kwa vipimo vyake. Kilipofika kilikuwa kimezidi milimita sita upande mmoja. Milimita sita! Kioo cha kawaida ungekipunguza palepale. Cha tempa hakikatwi. Ukikigusa kwa kisu cha almasi kinasambaratika chote. Kikaagizwa kingine. Wakati huo mwenye jengo alikuwa anauliza modeli iko wapi, nasi tulikuwa tumemkabidhi michoro ya PDF, na faili lenyewe lilibaki kwenye kompyuta ya kijana aliyeshahama ofisi. Plaiwudi iliyoziba tundu ilikaa pale masika ikapita, vuli ikapita. Kila nilipopita barabara ile niliitazama.

Ungekuwa ukuta wenye aina kumi za vioo, mwenye jengo angeweka viwili viwili vya akiba stoo tangu siku ya kwanza, na plaiwudi ingekaa siku mbili. Kwa paa kama la British Museum, taasisi ina fedha na kumbukumbu za kulitunza. Wateja wetu wengi wana msimamizi mmoja wa jengo na daftari.

Ndiyo maana sikubali kwamba gridi ya Revit ni jela. Chukua uso uliochorwa Rhino, uingize Revit kama ulivyo, kisha ubofye. Unang'aa wote kwa mara moja, kama jiwe moja. Jedwali la paneli linabaki tupu, na mkadiriaji majenzi anakuuliza vioo ni vingapi nawe huna jibu. Jenga uso huohuo kwa paneli zenye vigezo, yaani kila moja ikiwa na vipimo vyake vinavyosomeka, na jedwali linakuambia papo hapo: aina ngapi, kila aina mara ngapi. Vijana watajibu kwamba Rhino siku hizi hufanya kazi ndani ya Revit na kuzaa paneli halisi. Ni kweli, na wanaolimudi hilo sina ugomvi nao. Lakini safu ile ya "aina ngapi" bado inabidi mtu aisome kabla ya picha kumfikia mteja, na ikitokea mia tatu, arudi kwenye umbo.

Mteja akisisitiza mkunjo huru, siku hizi nampa ghorofa mbili za chini, pale mlangoni, macho yanapofika na fundi anapofika kwa ngazi yake. Kuanzia ya tatu kwenda juu naweka vioo bapa, aina zisizozidi kumi na mbili, na orodha yake naichapisha na kuigundisha nyuma ya mlango wa stoo.