Bilioni tatu zimeenda kwa Bytes

Mjomba wangu ana studio ya picha na stationari pale Chikongola, Mtwara, na msimu wa korosho watu wakishashika hela harusi zinafululiza, picha zinajaa kompyuta mpaka inahema. Nikamwekea rsync (tamka ar-sink), programu ya kunakili mafaili, kila usiku saa nane folda ya picha inajinakili kwenye kompyuta kuukuu iliyoko chumba cha nyuma, waya tu umepita ukutani, intaneti haihusiki kabisa. Akasema sawa njomba, ila mimi nataka ripoti, kila asubuhi nione kazi iliyofanyika. Nikaongeza --log-file, logi, yaani orodha ya kazi iliyofanyika, ikawa inatua deskitopu.

Mwanzo ilikuwa burudani. Mzee anafungua duka, anavaa miwani, anasoma logi kama gazeti. Mistari yenyewe inakuja na tarehe, saa, namba kwenye mabano, halafu vialama. Faili jipya linaandikwa <f+++++++++, lililobadilika ukubwa na muda linakuwa <f.st...... hivi. Basi mzee akaamua zile za kujumlisha ni maksi. Picha zenye maksi zote anazisifia, zile za nukta nukta ananiambia "hizi zinasuasua, zipigwe upya".

Sasa ile namba ya kwenye mabano ndiyo ilileta kesi. [4812]. Ni namba ya prosesi tu, yaani programu ikiwa kazini, Linux inayoendesha kompyuta inampa kila anayewaka namba yake, na kadiri mashine inavyokaa bila kuzimwa ndivyo namba zinavyopanda. Mzee hakuuliza. Kwake ile ni bei, tena kila mstari una bei yake! Picha zote za send-off ya mtoto wa jirani, kila moja 4812, piga hesabu mwenyewe. Akatoa daftari la wanaokopa, chini ya jina la mama muuza ming'oko anayedaiwa fotokopi akaandika kwa herufi kubwa ARISINKI, akaanza kupanga madeni.

Kesho yake namba ikaja 9377. Akanuna siku nzima. Halafu umeme ukakatika (gesi inatoka Mnazi Bay hapo hapo na bado umeme unakatika, tuyaache), mashine ilipowaka upya ikaja 1650. Weee! Mzee kagundua siri, kumbe ukiizima bei inashuka. Akawa anaizima kila anapofunga duka, mimi nabaki kushangaa mbona logi ya saa nane haipo, bakapu hakuna, nikimuuliza ananiangalia tu kwa macho ya mtu aliyeokoa mali ya ukoo.

Nikaona isiwe tabu, nikaiendesha mwenyewe mchana, zikapita harusi zote zilizokuwa zimelala, nikatoka zangu kwenda kunywa chai. Mzee akafungua ripoti akashuka mpaka mstari wa mwisho: sent 3,648,213,004 bytes received 9,120 bytes.

Kiingereza cha mjomba ni cha meseji za pesa. Sent anaijua vizuri sana.

Narudi nakuta duka limefungwa nusu mlango, mzee yuko kwa binti wa uwakala ng'ambo ya barabara, jasho linamtoka, "mwanangu nirudishie muamala, bilioni tatu na ushee zimeenda, zimerudi elfu tisa tu!" Binti anauliza zimeenda kwa nani. "Kwa Bytes." Namba ya Bytes je? Mzee akamsomea ya kwenye mabano. Binti akamwambia taratibu, shikamoo babu, hiyo namba haitoshi hata kuongeza salio. Mama wa ming'oko naye keshasogea na sinia lake, anaulizia kama deni lake la fotokopi bado lina maana katika hali hii.

Nikamkalisha nikamweleza, mjomba hizo ni baiti, ni uzito wa picha, zimetoka chumba hiki zimeingia kile. Programu yenyewe ya bure, waliitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996. Akanyamaza kidogo. "Wazungu wawili wahangaike toka tisini na sita, halafu bure? Njomba, unajua unachokisema?"

Nikasema dawa ni kuondoa hiyo namba isionekane. Nikahangaika na --log-file-format ya kupanga sura ya logi, wapi, tarehe na mabano vinatangulia tu upende usipende, ikabidi nipitishe ripoti kwenye sed, programu ya kuhariri maandishi, ikate tarehe, mabano na ule mstari wa sent kabla haijafika deskitopu. Ikatoka safi, majina ya picha na maksi zake tu.

Asubuhi mzee akaisoma juu mpaka chini, akairudia. Akavua miwani, akavuta daftari, kwenye mstari wa ARISINKI pale pa kuandika kiasi akajaza: "Kijana ameanza kuficha risiti."