Mchoro wa wino na wasifu wa aliyeuchora

Karatasi imejaa mistari ya wino hadi pembezoni. Maumbo madogo yamebanana, yanajirudia na kumezana, wala hakuna sura ya mtu au kitu unachoweza kukitaja. Tunaambiwa ni mchoro dhahania uliofuata moyo wa sanaa ghafi, ile ya watu waliochora bila kupita chuoni na bila kuwazia wanunuzi. Lakini aliyeuchora alisomea sanaa. Je, moyo huo unaazimika?

Wanaokataa wana hoja nzito. Mfaransa Jean Dubuffet, aliyebuni jina hilo la sanaa ghafi na kuanza kukusanya kazi za aina hii mwaka 1945, alizitafuta kwa watu waliokuwa mbali na mikondo ya wasanii. Adolf Wölfli alichora maelfu ya kurasa akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Waldau, Uswisi, alikokaa kuanzia 1895 hadi kifo chake mwaka 1930. Madge Gill wa London alisema mkono wake uliongozwa na roho aitwaye Myrninerest. Alichora kwa wino juu ya vitambaa virefu vya kaliko, akivikunjua kipande kwa kipande, na hakupenda kuviuza kwa kuwa, kwa maneno yake, havikuwa mali yake. Kwa hawa, msongamano wa mistari haukuwa mtindo wa kuchagua. Anayeubeba bila kilichousukuma amebeba ganda.

Hata hivyo Dubuffet mwenyewe aliwahi kuingia chuo cha sanaa Paris, Académie Julian, mwaka 1918, akatoka baada ya miezi michache. Na wino hauulizi cheti. Mstari ukishakauka haufutiki. Ukiteleza, huna budi kuupa kazi, kuuzungushia mingine mpaka uonekane ulikusudiwa. Mchoraji anayeanza bila mpango na kukubali kila kosa anaongozwa na karatasi, awe msomi au asiwe. Wanaokubali kwamba moyo huo unaazimika wana haki pia kuonya kwamba kudai maisha ya mateso ndipo kazi ihesabike ya kweli ni kuwafanyia ukatili wanaoteseka: ugonjwa wao unageuzwa kuwa muhuri wa ubora.

Mimi naegemea huku, ila kuna kazi moja inayonizuia nisitamke kwamba wasifu hauna maana. Mwaka 1909 Emma Hauck, akiwa kliniki ya magonjwa ya akili ya Heidelberg, Ujerumani, alimwandikia mumewe barua kwa penseli. Alirudia maneno yaleyale ya kumsihi aje, mstari juu ya mstari, mpaka yakawa safu za kijivu zisizosomeka. Barua hazikutumwa, leo zimo katika mkusanyiko wa Prinzhorn, wa kazi za wagonjwa wa akili, mjini humo. Asiyejua chochote huona mchoro dhahania wenye mdundo mzuri ajabu. Akishaambiwa, hawezi tena kuuona uzuri huo peke yake, na sidhani kama anapaswa. Hauck hakuwa akitutengenezea sisi picha. Alikuwa akimwita mtu.

Kwa hiyo anayechora leo kwa kufuata njia hiyo aseme wazi: amesoma, amewatazama kina Gill na Wölfli, amejifunza kwao. Jina la sanaa ghafi aliache, maana halimstahili na kazi yake hailihitaji. Baada ya hapo jicho lifanye kazi yake kwenye karatasi. Mimi huanza na pembe. Michoro mingi ya kuiga huchoka huko: katikati pana bidii, kisha mistari inakuwa ya kujaza nafasi tu, yenye upana mmoja na mwendo mmoja. Wölfli alijaza hata kingo za kurasa zake kwa noti za muziki na vindege vyake vidogo, kila kimoja kimepewa nafasi yake.