Taka za dhoruba: tuzizike au tuzichambue?

Dhoruba ikishapita, kazi ya kwanza ya halmashauri ni kufungua barabara. Siku mbili tatu baadaye kila nyumba ina rundo lake mbele: matawi, godoro lililolowa, mabati yaliyokunjika, friji lenye nyama iliyooza, makopo ya rangi. Hapo ndipo mvutano unapoanza. Wapo wanaotaka vyote visombwe vikazikwe, na wapo wanaotaka vichambuliwe ili kinachofaa kitumike tena.

Wanaotaka visombwe wana hoja nzito, na sisi tunaopigania urejelezaji hukosea tunapoipuuza. Rundo ni maficho ya panya na nyoka, maji yakituama humo mbu huzaliana, na matawi yakikauka cheche moja inatosha. Kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kiliacha kusini mwa Florida taka zilizokadiriwa kufika mita za ujazo milioni 33. Katrina, mwaka 2005, iliacha zaidi ya milioni 70. Na mtu aliyelala usiku wa tatu bila paa, ni vigumu kumwambia atenge misumari na majani.

Ila taka haziishi kwa kufukiwa. Februari 2006 meya wa New Orleans, jiji lililopigwa na Katrina, alitumia mamlaka ya dharura kufungua dampo la Chef Menteur, karibu na makazi ya Wamarekani wengi wenye asili ya Vietnam, watu waliokuwa ndio kwanza wanarudi kujenga upya. Waliandamana, na Agosti mwaka huohuo dampo likafungwa. Taka zilizokwisha kumwagwa zilibaki palepale. Hofu yao ilikuwa na msingi. Bodi za jipsamu, zile za dari na kuta, zikilowa na kufukiwa pasipo hewa, bakteria huzigeuza kuwa gesi yenye harufu ya mayai viza, na gesi hiyo ikiwa nyingi ni sumu.

Urejelezaji nao una madhara yake, na hayasemwi vya kutosha. Mbao za zamani zilizotiwa dawa yenye arseniki zikipita kwenye mashine ya kusaga pamoja na matawi, sumu inaishia kwenye matandazo ya bustani. Zikichomwa, arseniki hubaki kwenye majivu. Louisiana, jimbo lenye jiji la New Orleans, ililazimika kuweka karantini mwishoni mwa mwaka 2005 ili mbao zenye mchwa wa Formosa, aina ya mchwa waharibifu wa nyumba, zisisambazwe. Halafu kuna suala la soko: eneo zima likisaga miti yake mwezi mmoja, nani atachukua matandazo yote? Lundo kubwa likikaa linapata joto ndani kwa ndani, na huweza kuwaka lenyewe.

Kwa hesabu ya nafasi tu, kuchoma kunashinda. Kusaga hupunguza ujazo wa matawi kwa robo tatu hivi, kuchoma huupunguza kwa takriban asilimia 95. Lakini moshi unavutwa na watu walewale waliokwisha kuumia, na miti ambayo ingekuwa mboji inapotea.

Mimi naona mjadala wenyewe umewekwa mahali pasipo pake. Mambo huamuliwa kando ya barabara, pale kijiko cha mashine kinaposhuka na kunyanyua godoro, tawi, betri na bati kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo hakuna kiwanda kitakachovitenganisha kwa gharama inayovumilika. Mara nyingi mkandarasi hulipwa kwa ujazo: mkaguzi hupanda mnara, huchungulia ndani ya lori na kukadiria limejaa kiasi gani. Kama mzigo mchanganyiko unalipwa sawa na mzigo safi, dereva ana sababu gani ya kuchagua? Mkataba wa namna hiyo umekwisha kuamua kwamba vyote vitazikwa, hata kama halmashauri inajitangaza kuwa inarejeleza.

Kwa hiyo miti safi, vyuma na zege visizikwe kamwe. Miti iwe matandazo au mboji, na mboji ifikie nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa ili vimelea vife. Vyuma viuzwe, zege lipondwe litumike chini ya barabara. Kilichokwisha kuchanganyika na maji machafu kizikwe kwenye dampo lenye utando chini wa kuzuia uchafu usipenye ardhini, bila kuona aibu.

Gharama yake naikubali: lori litapita mtaa mmoja mara tatu badala ya mara moja, na wakazi watalalamika. Ndiyo maana zabuni inapaswa kutangazwa kabla ya msimu wa dhoruba, viwanja vya kukusanyia vikiwa vimeshatengwa, na zamu ya kwanza ikiwa ya vile vinavyonuka na vyenye sumu: mafriji, gesi yake ikinyonywa na fundi kabla hayajapondwa, makopo ya rangi, betri. Matawi yanaweza kusubiri wiki moja zaidi.