Nyongeza ya mshahara peke yake haitoshi

Kwamba Bunge la Uingereza likiibana Wizara ya Ulinzi ipandishe mishahara, basi askari hawatatoka tena jeshini, mimi nakubali nusu tu. Mwaka 2024 wengi wao waliongezwa asilimia 6, na bado watu wakaendelea kuondoka. Tazameni nyumba wanazolala wake na watoto wao. Serikali iliziuza mwaka 1996 kwa takriban pauni bilioni 1.7, ikanunua tena nyingi kati ya hizo mwaka 2025 kwa karibu bilioni 6, na Desemba 2024 Kamati ya Ulinzi ya Bunge hilo ilishaeleza kuwa theluthi mbili zinahitaji ukarabati mkubwa au kujengwa upya. Mwanamume gani ataongeza mkataba huku mwanawe anakohoa kwa ukungu wa ukutani? Halafu kuna vijana wetu wa Kenya na wenzao wa Jumuiya ya Madola walio katika jeshi hilo: mwaka 2022 walisamehewa ada ya kuomba makazi ya kudumu baada ya kutumikia miaka 6, lakini msamaha huo haukugusa familia zao. Inaniuma sana hiyo. Wenye ndugu huko jeshini, ni nini hasa kinachowatoa?