Kura 95 kwa 0: Mageuzi ya Pentagon na Walioyapinga

Seneti ya Marekani ilipopitisha mageuzi ya Wizara ya Ulinzi, yaliyopanga upya nani anaamuru nani jeshini, kwa kura 95 kwa 0 mwezi Mei 1986, aliyetazama kwa mbali angedhani hakukuwa na ubishi. Ubishi ulikuwepo, tena mkali, ila haukupita katikati ya vyama. Barry Goldwater, Republican wa Arizona, alishirikiana na Sam Nunn, Democrat wa Georgia. Katika Baraza la Wawakilishi kazi hiyo ilibebwa na Bill Nichols wa Alabama, Democrat aliyepoteza mguu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na huko waliounga mkono walikuwa 383, waliopinga 27. Waliosimama njiani walikuwa ndani ya Pentagon, makao ya wizara hiyo: Waziri wa Ulinzi Caspar Weinberger na John Lehman, aliyesimamia jeshi la majini. Mgogoro ulikuwa kati ya Bunge na wizara, na ndiyo maana vyama viliweza kupatana.

Cheche ya kwanza, hata hivyo, ilitoka jeshini. Mwaka 1982 Jenerali David Jones, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, aliwaambia wabunge kwamba mfumo aliokuwa akiuongoza haufanyi kazi. Ushahidi ulikuwa umeshaandikwa kwa damu. Aprili 1980 askari wanane walikufa katika jangwa la Iran, kwenye jaribio la kuwaokoa mateka wa ubalozi wa Marekani mjini Tehran: makomando wa nchi kavu, ndege za jeshi la anga, helikopta za jeshi la majini, na wote hao hawakuwahi kufanya zoezi kamili wakiwa pamoja. Oktoba 1983, huko Grenada, askari wa nchi kavu walishindwa kuzungumza na manowari kwa sababu redio zao hazikuelewana. Mwezi huohuo bomu liliwaua Wamarekani 241 kambini Beirut, na tume iliyochunguza ikalaumu pia ngazi za amri, zilizokuwa ndefu kiasi kwamba wajibu ulipotelea njiani.

Kiini cha tatizo kilikuwa kofia mbili. Kila mkuu wa jeshi alikuwa mshauri wa Rais na papo hapo mtetezi wa jeshi lake, kwa hiyo ushauri wao wa pamoja ulipunguzwa makali mpaka usimuudhi yeyote. Sheria iliyotiwa saini na Rais Reagan Oktoba 1, 1986, ikamfanya mwenyekiti kuwa mshauri mkuu wa kijeshi kwa nafsi yake. Amri za vita zikapita kutoka kwa Rais kwenda kwa Waziri, kisha moja kwa moja kwa kamanda wa eneo. Pia afisa aliyetaka kuwa jenerali au admirali alipaswa kwanza kutumikia kazi inayochanganya majeshi. Kwangu kipengele hiki ndicho kilichochimba zaidi, kwani kabla ya hapo kupelekwa kazi kama hiyo kulionekana kama kusukumwa pembeni, na kila jeshi lilijiwekea maafisa wake bora.

Wapinzani hawakuwa watu wa kutetea ulaji tu. Walihofia kwamba afisa mmoja akiwa sauti kuu, Rais atakosa kusikia mawazo yanayopingana, na raia watapoteza nguvu juu ya wanajeshi. Sheria iliwaachia wakuu wengine haki ya kuwasilisha maoni tofauti, lakini hofu haikuwa hewa. Oktoba 1992 Colin Powell, akiwa bado mwenyekiti, aliandika gazetini kuonya dhidi ya kujiingiza Bosnia bila lengo wazi, suala lililokuwa mbele ya wanasiasa wakati wa kampeni za urais. Na Powell huyohuyo, pamoja na Jenerali Norman Schwarzkopf, ndiye anayetajwa kuonyesha kwamba sheria ilifaulu: vita vya Ghuba vya 1991 viliendeshwa na kamanda mmoja, Schwarzkopf, majeshi yote yakimsikiliza.

Nikipima, naona Goldwater na Nunn walikuwa sahihi. Askari wanapokufa kwa kuwa redio hazielewani, kuchelewa ni kosa. Ila makubaliano yao yalikuwa na ukomo. Yaligusa nani anaamuru nani. Yalipofika kwenye zabuni na ununuzi wa silaha, mafanikio yalikuwa haba, na miaka thelathini baadaye Seneta John McCain alikuwa bado anahangaika na ununuzi huohuo, hadi sheria ikagawa ofisi kuu ya ununuzi pande mbili. Kufunga kambi za kijeshi nako kulikuwa kugumu, kila mbunge akilinda ajira za jimbo lake, mpaka 1988 Bunge likakabidhi uchaguzi wa kambi hizo kwa tume.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo la kutazama hapa. Kabla ya kamandi ya jeshi la Marekani kwa Afrika kuanza kujitegemea Oktoba 2008, katika ramani ya Pentagon Kenya ilikuwa chini ya kamandi ya Mashariki ya Kati na Tanzania chini ya ile ya Ulaya. Leo kamanda mmoja, mwenye makao Stuttgart, anasimamia karibu bara zima, na bosi wake ni Waziri wa Ulinzi. Shambulio la Manda, Lamu, lilipoua Wamarekani watatu Januari 5, 2020, ngazi za kuulizana zilikuwa fupi, kama waandishi wa sheria ile walivyokusudia. Ufupi huohuo pia humpa kamanda uzito ambao balozi wa nchi yake, aliye Nairobi au Dar es Salaam, hana wa kulingana nao, na kuhusu hilo sheria ya 1986 haikuweka kipimo chochote.